Mlalamikaji wa Shaba

Ilikuwapo nchi moja, na ipo hadi leo, ila iko mbali sana na hapa. Iko mbali kiasi kwamba msomaji hana jamaa hata mmoja kule, hajawahi kulipa kodi kule, wala kupigwa kirungu na polisi wa kule. Hili linasemwa mapema ili mtu asije akasumbuka bure.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa na bustani, na katikati ya bustani ilisimama sanamu ya shaba ya Gavana Harikuti. Bwana huyu alitoka kwao zamani akaja kuwastaarabisha watu, na aliwastaarabisha kwa bidii mpaka wengi wao wakaisha. Mbele ya sanamu ilipita njia ya mawe, nayo ndiyo njia pekee ya kutoka mitaa ya watu kwenda mjini, kwenye hospitali, shule, soko na ofisi. Kuhusu njia hiyo Gavana aliwahi kutoa amri: mtu mweusi asionekane juu yake ila awe amebeba mzigo. Alieleza kwamba mtu mweusi asiye na mzigo ni mvivu, na uvivu ni maradhi yanayoambukiza kwa kutazamwa.

Siku ya uhuru ilipofika, bendera moja ikashuka na nyingine ikapanda, watu wakacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Viongozi wapya walitaka kuifuta ile amri asubuhi yake. Lakini walikuwa watu wa haki, na katika katiba yao walikuwa wamekwisha kuandika kwamba amri yoyote haitafutwa kabla aliyeitoa hajasikilizwa. Gavana alikuwa amefia kwao siku nyingi, kwa kuvimbiwa. Basi wakatuma ujumbe kwenda kuihoji sanamu. Ujumbe ukauliza, sanamu ikanyamaza, ujumbe ukarudi na taarifa kwamba Mheshimiwa bado anatafakari. Tangu hapo kila mwaka ujumbe huenda, na kila mwaka hukuta bado anatafakari.

Kwa hiyo watu waliendelea kubeba. Mwenye mzigo wake alibeba wake. Asiye nao alikodi tofali kwa vijana waliokaa mwanzo wa njia, akalirudisha kwa wenzao waliokaa mwisho. Maharusi walipita na tofali lililofungwa karatasi ya dhahabu. Daktari aliyeitwa haraka kwa mgonjwa mahututi alipanga foleni ya tofali kwanza. Mawaziri, kwa kuwa ni watu wazito tayari, waliruhusiwa kubeba mto mdogo wa sufi. Wageni weupe walipita mikono ikining'inia, wakilamba aiskrimu, na mara nyingine walisimama kuwapiga picha wenyeji, wakisifu jinsi watu wa nchi hii wanavyopenda kazi.

Ukiuliza kama huo si ubaguzi, maofisa walishangaa kwa dhati.

"Ubaguzi uko wapi?" walisema. "Mzigo ni hiari. Asiyetaka kubeba apite njia nyingine."

Njia nyingine haikuwepo, lakini hilo lilikuwa swali la wizara tofauti.

*

Bi Mwanahawa alikuwa mshonaji. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mbaruku, aliyefundisha hesabu katika shule ya msingi huko mjini. Kila asubuhi Mbaruku alipita njia ya mawe na tofali lake mwenyewe, maana mama yake hakupenda atumie ya kukodi, ambayo huwezi kujua yameshikwa na nani. Alikuwa amelifumia hata mfuko.

Asubuhi moja Mbaruku alikunywa chai yake, akasimama, akaliacha tofali pale lilipo.

"Mama, leo sibebi."

Bi Mwanahawa alicheka, akidhani ni utani. "Unataka mimi nikubebee? Mtu mzima na ndevu zako!"

"Sibebi kabisa. Tuko walimu wachache, tumekubaliana. Tutapita mikono mitupu, polepole, kama watu."

"Mwanangu, basi shika hata kitambaa hiki. Hakina uzito. Ukishawapita askari utakitia mfukoni."

"Watoto wananiuliza, mama. Jana mmoja kaniuliza, mwalimu, lile tofali lako ni la nini?"

"Si ungemwambia la kujengea."

"Nilimwambia hivyo. Akaniuliza, mbona kila siku unarudi nalo?"

Bi Mwanahawa alimtengeneza ukosi wa shati, akaupapasa zaidi ya ulivyohitaji kupapaswa, akamwacha aende.

Taarifa ya polisi ilisomwa redioni mchana, baada ya matokeo ya mpira. Ilisema hivi: "Askari wetu akiwa kazini alimwona mtu mweusi akimjia. Aliutazama mkono wa kulia wa mtu huyo, akaona hamna kitu. Akautazama wa kushoto, akaona hamna kitu. Hapo askari alihofia maisha yake, kwa sababu mtu asiyeshika chochote anaweza wakati wowote kushika chochote. Akafyatua risasi kadhaa za onyo. Kwa bahati mbaya risasi zote zilimwonya mtu mmoja. Askari anaendelea vizuri, ila kidole kinamuuma, na amepewa likizo."

*

Bi Mwanahawa alikwenda kituoni na jirani yake, Bi Tatu, mwanamke mfupi ambaye ulimi wake ulijulikana mtaa mzima. Kamanda Singano aliwapokea kwa adabu. Aliwavutia viti yeye mwenyewe.

"Karibuni, mama zangu. Poleni sana na kosa."

"Kosa la nani?" aliuliza Bi Tatu.

"La marehemu."

Bi Mwanahawa alimshika mwenzake mkono ili atulie. "Baba, sisi hatukuja kugombana. Nimekuja kumchukua mwanangu. Jua lisizame hajazikwa."

"Nakuelewa, mama. Mimi pia ni mzazi. Lakini kijana ni mshtakiwa, alipita njiani bila mzigo. Na nchi yetu haimhukumu mtu asipokuwepo mahakamani. Hiyo ni haki yake. Unataka nimnyime mwanao haki yake?"

"Lakini amekufa."

"Ndiyo maana hatukumfunga pingu."

"Mpeni dhamana basi!" alifoka Bi Tatu.

"Dhamana anaomba mwenyewe, kwa mdomo wake. Tumemsubiri tangu asubuhi. Hajaomba."

Bi Mwanahawa aliinamisha kichwa. Alitaka kulia, lakini aliona haya kulia mbele ya mtu aliyemvutia kiti.

"Na mlalamikaji ni nani, baba? Nikamwombe msamaha, pengine ataifuta kesi."

"Ni Gavana Harikuti."

"Lile sanamu?" Bi Tatu alisimama.

"Mama, tuchunge maneno. Yule ni mlalamikaji. Tukio limetokea mbele ya macho yake, na tangu saa ile hajatamka neno. Daktari wetu anasema ni mshtuko."

"Mimi namjua tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu, na hajawahi kutamka neno!"

"Basi," alisema Kamanda, na uso wake uliingiwa na huzuni ya kweli, "mshtuko wake ni mkubwa kuliko tulivyodhani."

Akaagiza sanamu iwekewe mwavuli na askari wawili wa kuifariji.

*

Siku zilizofuata mji ulichemka. Vijana walijaa barabarani wakidai sanamu iangushwe na askari ashtakiwe. Serikali haikukataa maandamano, kwani ilikuwa serikali ya kidemokrasia. Ilisema tu kwamba yatapita njia ya mawe, na kila mwandamanaji abebe mzigo kwa usalama wake. Vijana walibishana mchana kutwa. Wengine walisema huko ni kujidhalilisha. Wengine waliuliza ni nani atakayetangulia na mikono mitupu, na wote wakatazamana. Mwishowe walipita kwa maelfu, matofali vichwani, wakiimba, "Hatubebi! Hatubebi!" Waliokodisha matofali hawakuwahi kupata biashara kama ile, na redio iliwasifu waandamanaji kwa ukomavu wao.

Hapo Dokta Mwakibolwa, Waziri wa Mijadala na Utulivu, alifungua Mjadala wa Taifa. Aliingia ukumbini na mto wake wa sufi, akauweka juu ya meza, akaweka viwiko vyake juu ya mto.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu haiogopi maswali magumu. Kwa hiyo tumechagua swali gumu kuliko yote: je, mzigo ni mzito? Tujadili bila woga. Tusikimbilie majibu. Nchi nyingi zimeharibika kwa kukimbilia majibu."

Muda uligawanywa kwa haki. Wasiotaka kupigwa risasi walipewa fungu lao, wanaopenda kupiga risasi wakapewa lao, na lililobaki akapewa Gavana. Lilipofika fungu la Gavana, ukumbi wote ulisimama kimya mpaka likaisha, kisha watu wakapiga makofi. Profesa mmoja mgeni, aliyeandika vitabu vingi juu ya migongo ya watu weusi, alisema ameipima migongo hiyo na kwa maoni yake inafurahia. Mwenye kampuni ya matofali aliuliza, kwa sauti ya kutetemeka, vijana wake watakula nini amri ikifutwa, na watu wengi waliguswa. Kijana mmoja wa maandamano alipaza sauti kwamba sanamu iangushwe leo leo. Akaombwa aketi, kwa kuwa hakuwa amejibu swali kama mzigo ni mzito.

Kisha Bi Mwanahawa aliitwa mbele. Hakuwahi kushika kipaza sauti maishani. Alikishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kitu cha moto.

"Naomba mwanangu," alisema. "Nikamzike."

"Asante sana mama," alisema mwongozaji. "Na msimamo wako juu ya sanamu?"

"Sina habari na sanamu mimi. Nataka mwanangu."

"Kwa hiyo mama hana pingamizi na sanamu."

Safu za mbele zikapiga makofi. Huku nyuma vijana wakalipuka. "Mama, usitusaliti! Sema iangushwe! Sema, mama!"

Bi Mwanahawa aliwatazama. Walikuwa rika la Mbaruku. Mmoja alikuwa na ukosi uliokunjamana vilevile. Kwa ajili yao angesema iangushwe, iyeyushwe, itengenezwe masufuria, ila alijua kwamba akisema hivyo atawaudhi hao wa mbele, nao ndio waliokuwa na ufunguo wa chumba alicholazwa mwanawe. Na asiposema, hawa wa nyuma watamwona mwoga.

"Yuko kwenye jokofu lao," alisema taratibu. "Peke yake. Tangu..."

Kipaza sauti kilizimwa, maana fungu lake lilikuwa limekwisha. Ombi lake liliwekwa chini ya maoni mengineyo.

*

Kesi ilisikilizwa bustanini, kwa kuwa mlalamikaji hakuweza kutembea. Hakimu Fungameza aliketi chini ya turubai. Upande mmoja alisimama Gavana na mwavuli wake. Upande wa pili liliwekwa sanduku la mbao, limefungwa kwa kufuli, na polisi wakalizunguka wakiwa na bunduki, mshtakiwa asije akatoroka.

Bi Mwanahawa alipoliona sanduku, miguu ilimpeleka yenyewe. Alinyoosha mkono.

"Mama," alisema askari, "hairuhusiwi kugusa mshtakiwa."

"Nataka tu nijue kama amelala vizuri."

"Amelala vizuri. Rudi nyuma."

Hakimu alimgeukia Gavana na kuuliza kwa upole, "Mheshimiwa, uko tayari kutueleza yaliyokupata siku ile?"

Watu walisubiri. Kunguru mmoja alitua juu ya kofia ya shaba, akatazama huku na huku, akajisaidia, akaruka zake. Kitu cheupe kikateremka polepole kutoka kwenye kofia, kikapita pembeni mwa jicho, kikafuata shavu.

"Mahakama imeona," alisema Hakimu, "kwamba mlalamikaji ametokwa na chozi." Karani akaandika. Kamanda Singano akatoa leso. Kesi ikaahirishwa kidogo ili mlalamikaji apate kujikaza.

Waliporudi, mshtakiwa aliulizwa kama anakubali kosa. Sanduku halikusema kitu.

"Amekubali," alisema Hakimu.

Bi Mwanahawa alikuwa mtu wa aibu, hata sokoni alishindwa kudai chenji. Lakini hapo alijikuta amesimama.

"Mheshimiwa, samahani. Mwanangu akinyamaza, amekubali kosa?"

"Ndiyo sheria, mama. Mshtakiwa akinyamaza, amekiri."

"Na yule pale akinyamaza?"

"Mlalamikaji akinyamaza, maumivu yake hayaelezeki."

Bi Tatu alicheka, kicheko kikavu kilichowafanya watu wageuke. "Jamani," alisema, "na yule askari wa kidole, mbona haitwi?"

"Yule hawezi kuitwa," alijibu Hakimu. "Yuko kwenye sherehe yake ya kupandishwa cheo. Mama huyu atolewe."

Bi Tatu alitolewa na askari wanne, huku akiwauliza mmoja mmoja ni mtoto wa nani, na kama mama yake anajua kazi anayofanya. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye lango, kisha ikakatika ghafla. Alirudi nyumbani jioni, jicho moja limefumba, na hakutaka kusema lilifumbaje.

Hukumu ilikuwa fupi. Mshtakiwa alipatikana na hatia. Kifungo cha maisha kisingefaa, maana maisha yenyewe hayakuwepo tena. Lakini mahakama ilikuwa na huruma, ikatafuta njia ya kati: mshtakiwa akabidhiwe mlalamikaji, atumikie adhabu chini yake, moja kwa moja.

Bi Mwanahawa hakuelewa. Alimwuliza karani, kijana mwenye macho mapole, maana ya maneno hayo. Karani alitazama kando.

"Watamzika pale, mama. Chini ya sanamu. Mafundi wamekwisha kuitwa."

"Lini? Nimwite shekhe, niwaite ndugu zake, wamswalie."

"Mfungwa haswaliwi, mama. Atasubiri amalize kifungo."

Walifanya kazi haraka. Polisi walisukuma watu nyuma ya uzio, na vijana waliojaribu kuuruka walipigwa mpaka wakaacha kujaribu. Bi Mwanahawa alisikia koleo zikigonga mawe. Alisikia zege likimwagwa. Kuona hakuona, kwa sababu mbele yake walikuwa wamesimama wanaume warefu.

*

Uzio ulipoondolewa, alikwenda. Alipita njia ya mawe na ndoo ya maji, hakuna aliyemsumbua. Chini ya Gavana palikuwa na zege jipya, bado lina unyevunyevu, na juu yake alama ya kiatu cha fundi mmoja aliyekanyaga kabla halijakauka. Bi Mwanahawa alipiga magoti. Alitandaza viganja vyake juu ya zege, akainama mpaka paji la uso likagusa, akaanza kumsemesha mwanawe. Alimwambia habari za nyumbani. Alimwombea dua zote alizozijua, na zilipokwisha akaanza upya.

Hakuwaona wapiga picha.

Asubuhi Bi Tatu alimletea gazeti. Lilikuwa limejaza ukurasa wa kwanza wote: Gavana wa shaba amesimama wima dhidi ya anga, na miguuni pake mwanamke mweusi ameinama, paji la uso chini. Juu yake herufi kubwa: MAMA AMSAMEHE GAVANA, TAIFA LAPONA.

"Wanasema umemwomba radhi," alisema Bi Tatu. Hakuwa na hata nguvu ya kukasirika.

"Nilikuwa naongea na Mbaruku."

"Mimi najua, shoga yangu."

Siku hiyo hiyo Dokta Mwakibolwa alifunga Mjadala wa Taifa. Alisema swali limejibiwa, tena si na serikali, bali na mama mzazi. Kama mama wa kijana mwenyewe ameinama, nani mwingine ana sababu ya kusimama? Akatangaza kwamba ubaguzi umekwisha rasmi, na nchi jirani zikatuma pongezi. Vijana wa maandamano waliitazama ile picha kwa muda mrefu. Hawakumtukana Bi Mwanahawa. Walikunja mabango yao tu, wakakodi matofali, wakaenda makwao. Sanamu ilisafishwa kwa sabuni. Ujumbe wa mwaka ule ulikwenda kuihoji kuhusu ile amri, ukakuta bado inatafakari.

"Usiende tena," Bi Tatu alimsihi. "Kila ukienda wanafurahi. Mwombee ukiwa nyumbani, Mungu anasikia popote."

"Mungu anasikia. Lakini Mbaruku yuko pale."

Akaenda tena. Akaenda na siku iliyofuata. Siku hizi Wizara hupeleka mabasi ya wageni saa ile anayofika, wakajionee maridhiano, na imempangia askari wa kumtunza. Ni mtu mstaarabu. Humsalimia shikamoo, humfagilia vumbi, huwaambia wageni wasipige kelele.

"Mama," alimwambia juzi kwa sauti ya chini, "samahani. Ungesogea kushoto kidogo. Hapo ulipo, kwenye picha Gavana hakai vizuri."

Bi Mwanahawa alisogea. Tangu siku ya zege hakuna aliyewahi kumwambia mwanawe alilazwa vipi, kichwa kiko wapi na miguu iko wapi. Aliweka kiganja chake mahali papya, akapapasa, akawaza kwamba huenda kichwa kiko huku.